AIBU SI TIBA

Lipo jambo moja ambalo mama zetu, wake zetu na dada zetu wa mwambao huu, kuanzia Kunduchi na Mbweni, kupitia Mapinga, Zinga na Kaole hadi Bagamoyo mjini na Saadani, pamoja na wenzao wa Unguja, Pemba na Mafia, wanalijua vizuri lakini hawalisemi. Jambo hilo ni ukavu na maumivu ya uke yanayompata mwanamke baada ya hedhi kukoma. Barazani halisemwi kwa sababu ni la wanawake. Jikoni halisemwi kwa sababu ni la chumbani. Na hospitali halisemwi kwa sababu mama wa miaka 55 akifungua mlango wa tabibu humkuta kijana aliye rika moja na mwanawe wa mwisho. Hapo husema kichwa kinamuuma, hupewa vidonge vya kichwa, na hurudi nyumbani na maradhi yale yale aliyokwenda nayo.

Tunajua kwamba wapo watakaotuuliza kwa nini gazeti lenye heshima zake limeamua kuandika habari hizi. Jibu letu ni fupi. Tangu siku za mwanzo za Uhuru tuliambiwa kwamba maadui wa Taifa hili ni ujinga, maradhi na umaskini, na hakuna mahali ambapo maadui hawa watatu wamekaa pamoja kwa raha kama katika jambo hili. Mwanamke hajui kinachomsumbua. Huo ni ujinga, na si wa kwake peke yake. Anaumwa, hayo ni maradhi. Kisha hutumia fedha zake chache kununua vitu visivyomfaa. Huo ni umaskini unaozidishwa. Adui haachwi kwa sababu tu amejificha mahali pa siri.

Sisi ambao kabla ya kuingia shule ya Serikali tulikaa kwanza juu ya mkeka wa mwalimu chuoni, hatukubali kwamba dini ndiyo inayowafunga watu midomo. Sura ya At-Talaq imewataja kwa uwazi wanawake waliokoma hedhi ilipoweka hukumu ya eda yao kuwa miezi mitatu. Vitabu vya fiqhi vimeeleza hedhi, nifasi na tohara kwa maneno ambayo baadhi ya wasomi wetu wa leo wangeona haya kuyatamka. Na wanawake wa Kiansari wa Madina walisifiwa kwa kuwa haya yao haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao. Haya ni sehemu ya imani, lakini haya inayomzuia mgonjwa kusema anapoumwa imekwisha kutoka katika heshima na kuingia katika madhara.

Basi tuanze na maelezo ya jambo lenyewe.

Mwanamke wa kawaida hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Wakati huo mayai katika mwili wake yamefikia ukingoni, na kichocheo kinachoitwa estrojeni, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kikilainisha na kulisha viungo vya uzazi, hupungua sana. Kuta za uke huwa nyembamba, ute hukauka, na ngozi iliyokuwa ikinyumbuka hukaza na kuchubuka upesi. Matokeo yake ni ukavu, muwasho, hisia ya kuungua, na maumivu wakati wa tendo la ndoa, pengine na damu kidogo baada yake. Njia ya mkojo nayo ni jirani wa karibu, kwa hiyo hupatwa: haja ndogo huja mara kwa mara, huchoma, na maambukizi ya mkojo hurudi kila baada ya muda mfupi.

Hali hii humpata takriban nusu ya wanawake waliokoma hedhi. Tena ina tofauti moja kubwa na lile joto la ghafla na jasho la usiku ambalo wengi hulijua. Joto lile kwa kawaida hupungua miaka inavyopita. Ukavu huu, usipotibiwa, haupungui bali huelekea kuzidi. Mwaka 2014 jumuiya za kitaalamu za Marekani na za kimataifa ziliacha jina la zamani lililosema kwamba uke umesinyaa, zikachagua jina jipya linalotaja pamoja viungo vya uzazi, njia ya mkojo na ukomo wa hedhi. Ziliona kwamba jina la zamani lilikuwa halielezi hali yote, na tena lilikuwa na dharau ndani yake.

Shirika la Afya Duniani limesema kwamba mwanamke aliyefikia miaka 60 mwaka 2019 angeweza kutarajia, kwa wastani wa dunia nzima, kuishi miaka mingine 21. Basi asituambie mtu kwamba hili ni jambo dogo la wazee. Miaka 21 ni muda wa mtoto kuzaliwa, kusoma, na kuoa. Hatuwezi kumwambia binadamu avumilie maumivu kwa muda wa namna hiyo kisha tukaita hayo ni mila.

Chukua mfano wa mkulima wa mwani. Katika pwani ya Mlingotini, kama vile Paje na Jambiani kule Unguja, wengi wa wakulima hao ni wanawake, na si wachache kati yao waliovuka miaka 50. Mama huyo huingia baharini maji yanapokupwa, huinama na kukaa kwenye maji ya chumvi saa nyingi akifunga mbegu kwenye kamba, na hurudi na kanga iliyolowa. Ngozi iliyokwisha kuwa nyembamba haistahimili hali hiyo. Anawashwa, anaungua anapokojoa, na usiku ana mume wa kumjibu. Akikataa, anaambiwa amekinai. Akikubali, anaumia. Baada ya miezi kadhaa ndoa ya miaka 30 huanza kuyumba, na wazee wa pande mbili hukaa kikao kutafuta chanzo cha ugomvi, wasijue kwamba chanzo hicho kina jina na kina dawa. Wangapi wamepewa talaka, wangapi wameletewa mke mwenza, kwa maradhi ambayo hakuna aliyeyatamka? Hatuna daftari la hesabu hiyo, lakini kila mtaa una visa vyake.

Kwa kuwa halitajwi, jambo hili hutibiwa kwa kukisia. Mama anayeungua anapokojoa hupewa dawa za kuua vijidudu, akamaliza dozi, akapata nafuu ya siku chache, akarudi kupewa nyingine. Anayewashwa hupewa dawa ya fangasi. Mwingine huambiwa ana uchango, akachemshiwa mizizi. Na wapo wanaokwenda kinyume kabisa cha tiba: badala ya kulainisha, wanakausha zaidi. Shabu, ndimu na sabuni kali, ambazo baadhi ya wanawake wa pwani huzitumia wakiamini kwamba zinarudisha ujana, humchubua hata msichana. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi ni kutia chumvi kwenye kidonda. Ngozi iliyochubuka ni mlango ulio wazi kwa maradhi, pamoja na virusi vya UKIMWI. Makungwi na masomo wetu, ambao kwa karne nyingi wamekuwa walimu wa mwanzo wa mwanamke, wanapaswa kulisema hili kwa sauti. Unyago umemfundisha mwari namna ya kuingia katika utu uzima; haujamfundisha mama namna ya kuishi baada ya hedhi.

Hata hivyo hatutaki mtu asome makala haya akadhani kwamba kila muwasho na kila maumivu ya mwanamke mzima ni ukavu tu. Mwambao wetu na visiwa vyetu vina kichocho cha mkojo, na mayai ya kichocho yanaweza kukaa katika mlango wa kizazi na kuta za uke, yakaleta maumivu, muwasho na damu. Kisukari nacho huleta fangasi wanaorudi kila mara. Na juu ya yote, saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa kuwapata wanawake wa nchi hii, na wengi wao hufika katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road wakiwa wamechelewa. Kwa hiyo tunaliandika neno hili ili likatwe na kubandikwa ukutani: mwanamke aliyekaa mwaka mzima bila hedhi kisha akaona damu, iwe tone moja tu, aende hospitali akapimwe. Asinunue dawa. Asisubiri mwezi mwandamo. Aende.

Sasa tuje kwenye tiba, kwa sababu tiba ipo, tena ipo ya ngazi kwa ngazi.

Ngazi ya kwanza ni kuacha vinavyokausha, na kutumia vilainishi vya maji wakati wa tendo la ndoa, au vile vinavyowekwa mara kwa mara ili kuhifadhi unyevu. Wengine hutumia mafuta ya nazi, nao wajue kwamba mafuta ya aina yoyote huharibu kondomu za mpira. Ngazi ya pili ni estrojeni ya kuweka ukeni, ama kwa krimu au kwa kidonge kidogo. Dawa hiyo hufanya kazi pale pale ilipowekwa, kiasi kinachoingia katika damu ni kidogo sana, na hupunguza pia maambukizi ya mkojo yanayorudi rudi. Kwa wanawake wengi ngazi hizi mbili zinatosha.

Lakini wapo ambao hazitoshi au haziwafai. Yupo ambaye vidole vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi na hawezi kuweka dawa mahali pale. Yupo ambaye kuweka kitu ukeni kunamuumiza zaidi ya ugonjwa wenyewe. Yupo asiyekubali kabisa, kwa haya au kwa itikadi yake, na hatuna haki ya kumlazimisha. Kwa ajili ya watu wa namna hii umepatikana utaratibu wa tatu: kidonge cha kumeza kiitwacho ospemifeni, ambacho katika nchi za Magharibi kimeuzwa kwa majina ya Osphena na Senshio.

Historia yake ina funzo. Kidonge hiki kilitokana na kazi ya wataalamu wa Finland. Waliokuwa wakishughulika na dawa ya saratani ya matiti iitwayo toremifeni walijua kwamba mwili ukiivunja dawa hiyo hutoa vitu vingine, na kimojawapo cha vitu hivyo ndicho ospemifeni. Utafiti ukaonyesha kwamba kitu hicho, kilichotoka katika dawa inayoizuia estrojeni kwenye titi, kinafanya kazi kama estrojeni kwenye kuta za uke: kinazinenepesha na kuzirudishia unyevu. Marekani iliidhinisha kidonge hiki Februari 2013 kwa ajili ya maumivu ya tendo la ndoa yanayotokana na ukomo wa hedhi, na mwaka 2019 ikaongeza ukavu wa uke wenyewe. Ulaya iliidhinisha Januari 2015, lakini kwa sharti: kitumiwe na mwanamke ambaye estrojeni ya kuweka ukeni haimfai. Sharti hilo viongozi wetu wa afya walitie maanani. Wazungu wenyewe wamekiweka kidonge hiki katika ngazi ya tatu. Sisi tusikivushe ngazi kwa sababu tu ni kipya.

Namna ya kukitumia ni rahisi. Ni kidonge kimoja cha miligramu 60 kila siku, pamoja na chakula. Neno la chakula si pambo: mtu akikimeza na tumbo tupu, mwili hupokea sehemu ndogo tu ya kile ambacho ungepokea baada ya mlo. Katika majaribio makubwa matokeo yalipimwa baada ya wiki 12, kwa hiyo anayekimeza kwa siku tatu na kukitupa kwa madai kwamba hakifai, hajakijaribu.

Hapa ndipo tunapotaka kusema waziwazi juu ya neno moja linalotembea pamoja na kidonge hiki, yaani kwamba "si homoni". Neno hilo ni la kweli, lakini ni nusu ya kweli. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani juu ya homoni za kumeza baada ya hedhi kukoma ulisimamisha sehemu yake moja kwa sababu ya hatari zilizoonekana, zikiwemo saratani ya matiti, na tangu hapo neno homoni limekuwa likiwatisha wanawake wa dunia nzima. Mfanyabiashara anajua kwamba akisema "si homoni", hofu inaondoka na mkoba unafunguka. Ni kweli kwamba ospemifeni si estrojeni. Lakini inakaa katika kiti kile kile ambacho estrojeni hukaa, na katika baadhi ya viungo inatoa amri zile zile. Mgeni anayekaa katika kiti cha mwenye nyumba na kuamrisha watumishi wake hawezi kuhesabiwa kama mpita njia.

Kwa sababu hiyo dawa hii ina mipaka, na mipaka hiyo lazima ijulikane na mama mwenyewe pamoja na tabibu wake. Inaweza kunenepesha utando wa ndani wa mfuko wa uzazi. Ndiyo maana idhini ya Marekani ilitolewa pamoja na onyo la kutahadhari na saratani ya mfuko huo, na ndiyo maana anayetokwa na damu ambayo chanzo chake hakijajulikana haruhusiwi kuitumia. Onyo hilo limetaja pia kiharusi na kuganda kwa damu. Basi aliyewahi kuganda damu katika mishipa ya mguu au ya pafu, aliyepata kiharusi au mshtuko wa moyo, aliye na saratani inayolishwa na estrojeni au anayetibiwa saratani ya matiti, na mwenye ini lililoharibika vibaya, kidonge hiki si chake. Anayetarajia upasuaji mkubwa hana budi kumwambia daktari mapema ili aiache kwa wiki kadhaa kabla. Madhara madogo zaidi ni joto la ghafla, ambalo pengine huongezeka, pamoja na majimaji ukeni, jasho na kukaza kwa misuli.

Kuna jambo jingine linalohusu nchi kama yetu hasa. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya ospemifeni mwilini. Flukonazoli, ile dawa ya fangasi ambayo mama zetu wanainunua dukani bila cheti kila wanapowashwa, huizidisha, na watengenezaji wenyewe wamesema mbili hizo zisichanganywe. Vile vile haichanganywi na estrojeni. Fikiri basi mama mmoja wa Magomeni ya Bagamoyo, mwenye muwasho, aliyemeza flukonazoli ya dukani asubuhi, akapakwa krimu asiyoijua jina na shoga yake mchana, na jioni akaletewa na mpwa wake kidonge kipya kutoka ng'ambo. Kila mmoja alimpenda, na wote watatu wamemdhuru.

Ndiyo maana tunawaonya wale ambao wamegeuza maradhi ya siri kuwa mtaji. Jambo lisilosemwa hadharani huuzwa kwa bei kubwa gizani. Siku hizi huhitaji hata kwenda dukani; tangazo linakufuata ndani ya simu, na dawa inaletwa mlangoni ikiwa haina jina la mtengenezaji wala tarehe ya mwisho. Sheria ipo. Tanzania Bara ina Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyochukua jina hilo mwaka 2019 baada ya ile ya chakula na dawa. Zanzibar, kwa kuwa afya si jambo la Muungano, ina Wakala wake wa Chakula na Dawa. Mwananchi ana haki ya kumwuliza muuza dawa yeyote: dawa hii imesajiliwa? Asiyeweza kujibu swali hilo asipewe shilingi. Na kwa kuwa kati ya Bagamoyo na Unguja kuna bahari nyembamba inayovukwa na majahazi kila siku, taasisi hizi mbili hazina budi kushirikiana, maana dawa bandia haiulizi mpaka.

Maafisa wa Serikali wanaosoma safu hii, tunawaambia haya kwa heshima lakini bila ya kuficha. Tumefanya kazi kubwa na njema kwa mama mjamzito. Kadi ya kliniki, chanjo, mkunga, vyote hivyo vimeokoa maisha, na kuanzia mwaka 2018 wasichana wetu wanapata chanjo ya kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Lakini mtazameni mama huyo huyo baada ya mtoto wake wa mwisho. Kadi yake imefungwa. Hakuna kliniki inayomwita. Ni kana kwamba Taifa lilimhitaji kwa tumbo lake, na tumbo lilipomaliza kazi likamsahau mwenye tumbo. Hiyo si siasa tuliyofundishwa. Tulifundishwa kwamba binadamu ni lengo la maendeleo, si chombo chake.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji jengo jipya.

Kwanza, katika kila zahanati na kituo cha afya cha wilaya hizi, mwanamke aliyevuka miaka 45 aulizwe na mhudumu maswali mawili: je, una maumivu au ukavu ukeni, na je, umeona damu baada ya hedhi kukoma? Mgonjwa anayeona haya kuanza husema akianzwa. Swali haligharimu kitu.

Pili, awepo muuguzi wa kike, mtu mzima, siku moja inayojulikana kwa wiki, kwa ajili ya kina mama wa umri huo. Siku hiyo hiyo wapimwe mlango wa kizazi, kisukari na shinikizo la damu, na wale wanaotoka maeneo ya kichocho wapimwe kichocho. Safari moja imalize mengi, kwa kuwa nauli kutoka Saadani hadi Bagamoyo mjini si ndogo kwa mkulima.

Tatu, wanaopanga Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu na wanaoagiza kwa ajili ya Bohari ya Dawa waangalie kwa makini vilainishi na estrojeni ya kuweka ukeni kwanza, maana ndivyo vitakavyowafaa walio wengi. Kidonge cha ospemifeni kiwekwe mikononi mwa madaktari bingwa wa wanawake, kwa wale ambao ngazi mbili za kwanza zimeshindikana. Majaribio yake yalifanywa kwa wanawake wa nchi za mbali. Taifa ambalo Bagamoyo yake ilishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria yaliyosaidia dunia nzima halikosi wataalamu wa kuuliza kama dawa hii inawafaa wanawake wake.

Nne, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 isitekelezwe kana kwamba mwanamke huisha miaka 45. Kitita cha huduma kimtaje.

Tano, irudishwe elimu ya watu wazima iliyo hai. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya karibu watu milioni 2 mbele ya redio, katika vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Hawakuhitaji simu ya kisasa. Redio zetu za pwani na za visiwani zinaweza kufanya hivyo leo kwa jambo hili, na wahudumu wa afya wa jamii, ambao mpango wao mpya ulizinduliwa mwaka 2024, wanaweza kuwa viongozi wa vikundi hivyo. Umoja wa Wanawake, vyama vya wakulima wa mwani, madrasa za kina mama na vikundi vya kusaidiana, wote wana viti tayari na wana wasikilizaji.

Haiwezekani kuandika haya yote bila ya kuwageukia wanaume. Sisi ndio tunaoketi katika kamati zinazogawa fedha, na sisi ndio tunaolala upande wa pili wa kitanda. Mume anayeambiwa na mkewe kwamba anaumia asitafute mshindani wala mchawi. Amwambie: kesho twende wote. Na akifika hospitali asikae nje akizungumza habari za mpira. Mwanamke aliyezaa, akalea, akalima na kuuza, akazika wazazi wa pande zote mbili, hastahili kupewa kama malipo ya utu uzima wake kitanda cha maumivu na lawama za kukinai.

Bagamoyo ni mji wa Sewa Haji, mfanyabiashara ambaye mwishoni mwa karne ya 19 alitoa mali yake ili wagonjwa wapate hospitali Dar es Salaam, na hadi leo jina lake liko kwenye jengo la Muhimbili. Hakuuliza ugonjwa upi ni wa heshima na upi ni wa aibu. Nasi tuufuate mwendo huo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Leo tunaongeza kwamba mficha maradhi hayaponi. Mganga Mkuu wa Wilaya anayesoma safu hii leo asubuhi anaweza kuandika barua moja kwa zahanati zake kabla ya saa za kazi kwisha, akaamuru yale maswali mawili yaulizwe. Tutapita katika zahanati hizo kuuliza kama barua imefika.